Maangamizi Yasiyokuwa na Mahali: Riwaya Mbili za Kezilahabi na Kijana Msomaji wa Kando ya Ziwa

Miongoni mwa hadithi zinazopendwa na vijana wa nchi nyingi katika miaka hii, zimo za namna mbili zilizo ndugu. Ya kwanza ni hadithi ya sayansi, yaani ile inayojengwa juu ya chombo au maarifa ambayo wanadamu hawajayapata bado. Ya pili ni hadithi ya maangamizi, yaani ile inayomwonyesha msomaji dunia ya kesho iliyokwisha kupotoka au kuharibika. Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili hakina hadithi za namna hizi ila chache zilizotafsiriwa. Neno hilo si kweli. Kiswahili kinazo, na mbili zilizo mashuhuri kupita nyingine ziliandikwa na mtu wa Ukerewe, kisiwa ambacho msafiri hukifikia kwa meli akitoka Mwanza. Lililo kweli ni kwamba kijana wa Mwanza hazisomi. Na yafaa kuchunguza kama kosa ni la kijana, au la walimu wake, au limo ndani ya riwaya zenyewe.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, Ukerewe. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha kwa miaka mingi. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na mwishoni alifundisha Botswana. Alifariki mwezi wa Januari 2020. Riwaya zake za kwanza, yaani *Rosa Mistika* (1971), *Kichwamaji* (1974), *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) na *Gamba la Nyoka* (1979), zinajulikana kwa kila mwanafunzi wa fasihi. Baada yake zilikuja *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), vitabu vifupi ambavyo hakuna hata kimoja kinachofika kurasa 100, lakini vilivyowashangaza wahakiki kuliko vile vinne vilivyotangulia. Ndani yake msimulizi anasafiri katika dunia isiyofuata kanuni za dunia hii. Anakutana na wanafalsafa wa Ulaya kana kwamba ni wapita njia. Na katika kitabu cha pili anafika mahali ambapo maangamizi yamekwisha kutokea, na mwanadamu hana budi kuanza upya.

Ili kuzipima riwaya hizi kwa haki, ni lazima kwanza kujua hadithi ya maangamizi inafanya kazi gani. Sarufi ya Kiswahili yaweza kusaidia hapa. Kiswahili kinacho kiambishi -sipo-, ambacho hufunga sharti la kukanusha: wasipopanda, hawatavuna. Sentensi kama hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza hutaja jambo ambalo msikilizaji analijua na analiweza. Upande wa pili hutaja hasara itakayomfika akiliacha. Ukiuondoa upande wa kwanza, unaobaki ni habari ya msiba tu, nao haumwonyi mtu. Hadithi ya maangamizi ni sentensi ya -sipo- iliyorefushwa mpaka ikawa kitabu. Mwandishi hueleza upande wa pili kwa kurasa mia mbili au tatu, lakini nguvu yake yote hutokana na upande wa kwanza, yaani kitu ambacho msomaji anakijua, anakipenda, na anaona kwamba kingeweza kuokolewa.

Waandishi wa vijana wa nchi nyingine wanalijua jambo hili vizuri. Suzanne Collins, katika *The Hunger Games* (2008), aliibuni dola ya kikatili iitwayo Panem, lakini hakuiweka hewani. Aliiweka juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini, na nyumba ya msichana aliye shujaa wake akaiweka katika milima ya Appalachia, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Kijana wa Marekani anaposoma habari za wachimbaji wenye njaa, anajua ni watu gani wanaosemwa. Kijana wa Mwanza anapokisoma kitabu hicho hicho anakifurahia, wala si vibaya akifurahi. Lakini nchi inayoliliwa humo si nchi yake, na huzuni yake ni huzuni ya kuazima.

Tena kuna mfano wa zamani zaidi, ambao unaligusa Ziwa lenyewe. Riwaya ya kwanza ya Jules Verne, iliyotoka Paris mwaka 1863, inasimulia safari ya watu watatu walioruka kwa puto kutoka Unguja mpaka Senegal. Puto lao linaitwa Victoria, na njiani linapita juu ya ziwa ambalo Verne analiita Ukerewe. Speke alikuwa amelifikia ziwa hilo karibu na Mwanza mwaka 1858, miaka mitano tu kabla ya kitabu kutoka, na Verne hakupata kufika huku. Kwa hiyo ziwa hili liliingia mapema sana katika hadithi za sayansi za kusomwa na vijana. Lakini liliingia kama kitu cha kutazamwa kutoka juu na wapitao. Mtu wa Ukerewe hana neno katika kitabu hicho. Tangu hapo, kazi iliyombakia mwandishi wa Kiswahili ilikuwa kushuka kutoka katika puto na kuisimulia kesho kwa macho ya wakaao chini.

Katika Kiswahili wapo waliofaulu kuushika upande wa kwanza wa sharti, kila mmoja kwa njia yake. *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, ilitoka mwaka 1967. Habari yake ni ya siasa za nchi ya mbali, lakini mahali pake ni shamba, na wahusika ni farasi, nguruwe na kondoo. Msomaji aliyekulia Usukumani, aliyechunga ng'ombe na kuona mazao yakigawanywa, hahitaji kufundishwa ni nini kinachopotea pale chakula kinapozuiwa na walio wachache. Hapo msiba una mahali.

Katama Mkangi wa Kenya, katika *Walenisi* (1995), alikwenda mbali zaidi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa na kutiwa ndani ya chombo cha angani ili afe, naye anafika katika nchi yenye haki ambayo hakuitarajia. Nchi hiyo haimo katika ramani; lakini jina lake ni sentensi kamili ya Kiswahili, wale ni sisi, iliyoandikwa kwa neno moja. Msomaji akilitamka jina polepole amekwisha kuambiwa anayosimuliwa ni nani. Mkangi aliuweka upande wa kwanza wa sharti lake ndani ya jina, na kijana wa miaka kumi na mitano aweza kuufumbua bila mwalimu.

Tukirudi sasa kwa Kezilahabi, haki yake ni lazima itolewe kwanza. Watu wengi hudhani kwamba kikwazo cha hadithi za namna hii ni upungufu wa istilahi za sayansi. *Nagona* na *Mzingile* zinaivunja hoja hiyo. Dunia nzima ya ajabu imejengwa humo kwa maneno ya kila siku, kama njia, mlima, mzee, mwanga, ngoma, maji. Sentensi ni fupi, na mtoto wa darasa la saba angeweza kuzisoma kwa sauti bila kukwama. Hata jina la kitabu cha pili ni la Kiswahili cha zamani, maana mzingile ni njia zenye kupotezana, ambazo aingiaye haoni pa kutokea. Mwandishi hakuhitaji mtambo wala roketi kumfanya msomaji ahisi kwamba kanuni za dunia zimeondolewa. Hili ni fundisho kubwa kwa yeyote atakaye kuandikia vijana ambao, katika shule za sekondari, hufundishwa sayansi kwa Kiingereza na kwa sababu hiyo huamini kwamba mambo ya kesho hayasemeki kwa Kiswahili.

Hata hivyo, mwepesi wa maneno si mwepesi wa maana. Msomaji anayezielewa sentensi zote za *Nagona* bado aweza kufika mwisho bila kujua amepoteza nini. Sababu ni kwamba mwandishi ameuondoa upande wa kwanza wa sharti. Nchi anamopita msimulizi haina jina ambalo msomaji anaweza kulielekeza mahali. Maangamizi ya *Mzingile* yanatisha, lakini yanatisha kama ndoto ya mtu mwingine. Na jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa mwandishi huyu alikuwa na mahali, tena alipajua kuliko wengi. Katika *Rosa Mistika*, Namagondo ni kijiji chenye watu, mashamba na njia za kwendea ziwani, na msiba wa Rosa unauma kwa sababu nyumba anayoiacha tumeiona. Katika *Kichwamaji* pia Ukerewe ipo. Alipofika kwenye riwaya za maangamizi, ambazo zilikihitaji kisiwa hicho kuliko zote, alikiweka kando.

Watetezi wake watajibu kwamba alifanya hivyo kwa makusudi, na jibu lao lina uzito. Kezilahabi alikuwa amekwisha kuuchoka uhalisia. Laiti angalitaja kisiwa au mji, wahakiki wangalikimbilia kusema kwamba riwaya hizi ni mafumbo ya Ujamaa au ya serikali fulani, na swali lake kubwa, ambalo ni namna mwanadamu anavyojua anachokijua, lingalipotea. Tena hakuwaandikia vijana. Yote hayo ni sawa. Lakini kutetea kusudi la mwandishi si sawa na kuonyesha kwamba hapakuwa na gharama. Gharama ipo, na anayeilipa ni msomaji kijana, ambaye amepewa riwaya za maangamizi zilizoandikwa na mtu wa kwao, na asikione kwao ndani yake.

Kuna kitabu kingine cha Ukerewe kinachoonyesha ni nini kilichokosekana, ingawa hakuna mtu anayekiita hadithi ya maangamizi. Aniceti Kitereza (1896–1981) alimaliza kuiandika hadithi ya *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu na wakati wa kufariki kwake. Kimejaa kilimo, uvuvi, dawa, pombe, posa na matanga, kimoja kimoja kwa utaratibu wake. Kitereza aliyaandika hayo yote kwa kuwa aliona yanatoweka, akataka wajukuu wayajue. Kwa hiyo kitabu chote ni upande wa kwanza wa sharti, kikikosa upande wa pili. Kezilahabi ameandika upande wa pili, akaacha wa kwanza. Waandishi wawili wa kisiwa kimoja wameshika nusu mbili za sentensi moja, na hadi leo hajatokea wa kuziunganisha kwa ajili ya kijana.

Wala mtu asiseme kwamba ziwa halina habari ya kutosha kwa riwaya ya namna hiyo. Sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa katika Ghuba ya Mwanza, na furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, wakapungua mno. Aina nyingi hazikuonekana tena. Viwanda vya minofu vikajengwa, na kazi zikapatikana. Katika miaka ya 1990 gugu maji lilifunika ghuba na kuziba mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Mambo haya si ndoto ya mwanafalsafa. Mzee anayeuza dagaa katika mwalo wa Kirumba aweza kutaja majina ya samaki ambao mjukuu wake hatawala kamwe. Dunia moja imekwisha mbele ya macho yake, na nyingine imeanza, yenye faida zake na hasara zake. Mtu wa nje aliwahi kuyatengenezea filamu mambo ya sangara wa Mwanza, ambayo ilitoka mwaka 2004 na kuleta ubishi mkubwa nchini. Riwaya ya Kiswahili ya kijana wa Mwanza kuhusu mambo hayo hayo bado inangojewa.

Basi hukumu ya haki ni hii. *Nagona* na *Mzingile* ni kazi kubwa, na mahali pake katika historia ya riwaya ya Kiswahili hapatikisiki. Zinastahili kusomeshwa, hata katika madarasa ya juu ya sekondari, lakini zisisomeshwe peke yake wala zisifanywe kielelezo cha hadithi ya maangamizi ilivyopasa kuwa. Mwalimu wa Mwanza atafanya vyema akianza na sura chache za Kitereza, ili wanafunzi wajue ni nini kilichokuwapo. Kisha awape *Mzingile*, na kuwauliza ni kitu gani hasa kimeangamia humo. Wengi watajibu kwamba hawajui. Hapo awaulize ni kitu gani wao wangeweka. Jibu la swali hilo, likiandikwa na mmoja wao kwa sentensi fupi kama za Kezilahabi na kwa samaki wenye majina kama wa Kitereza, litakuwa ndiyo riwaya inayokosekana.