Taimingi si Wakati: Uhakiki wa Istilahi za Mkanda wa Injini

Miongoni mwa kazi tunazoletewa ili tuzipitie kabla hazijapigwa chapa, ipo tafsiri ya mwongozo wa matengenezo ya magari iliyotushughulisha kwa muda mrefu kuliko ukubwa wake. Jina la mfasiri na la idara iliyomtuma tunayahifadhi, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu. Tutapima sura moja tu, inayohusu kubadilisha mkanda wa taimingi, kwa sababu katika sura hiyo kosa la istilahi laweza kuvunja injini.

Haki yatudai tuanze na sifa. Mfasiri ameandika Kiswahili chepesi, na ameuita mkanda huo "mkanda wenye meno", jina linaloonyesha umbo na kazi yake: meno hushikana na meno ya magurudumu ili mkanda usiteleze. Tangu gari la Kijerumani liitwalo Glas 1004 lilipotoka na mkanda wa namna hiyo mwaka 1962, injini nyingi zimeacha mnyororo na kufuata njia hiyo. Jina hilo, kwa hiyo, lastahili kukubaliwa.

Kasoro kubwa ni neno "wakati". Kila mahali ambapo mafundi wetu husema taimingi, mfasiri ameandika "wakati wa injini" au "wakati wa mkanda". Sentensi moja yaagiza: "Zingatia wakati wa mkanda kabla hujaufunga." Tulimsomea fundi mmoja wa gereji sentensi hiyo, tukamwuliza ameelewa nini. Alijibu bila kusita: "Kilomita laki moja." Naye hakukosea. Katika Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, taa ya mkanda kwenye dashibodi huwashwa kumkumbusha dereva kwamba kilomita 100,000 zimetimia na mkanda umefikia wakati wa kubadilishwa. Fundi alisikia agizo la lini abadilishe. Mwandishi alikusudia namna ya kufunga. Neno moja limebeba maana mbili, na ile iliyo hatari ndiyo iliyopotea.

Ili kosa hilo lionekane vizuri, hatuna budi kueleza kazi yenyewe. Katika injini nyingi za dizeli zenye mkanda wa namna hii, mkanda mmoja huunganisha magurudumu matatu: la krenkishafti inayozungushwa na pistoni, la kamshafti inayofungua vali, na la pampu ya dizeli. Krenkishafti huzunguka mara mbili katika muda ambao kamshafti na pampu huzunguka mara moja. Kuweka taimingi, basi, ni kuhakikisha kwamba kila mhimili umekaa mahali pake ukilinganishwa na wenzake. Fundi haangalii saa. Anaangalia alama zilizochongwa kwenye magurudumu, na alama za pembeni zinazopaswa kuelekeana nazo. Jino moja likikosewa, injini yaweza kupoteza nguvu au kutoa moshi. Yakikosewa kadhaa, vali hubaki wazi pistoni inapopanda, na kwa kuwa katika injini ya dizeli nafasi iliyopo juu ya pistoni ni ndogo mno, vyuma hivyo hugongana. Vali hupinda, na gari lililoletwa kwa ajili ya mkanda huondoka likivutwa.

Kasoro ya pili ni "kitovu mfu cha juu". Hapa mfasiri amefuata neno kwa neno, akatupa maiti mahali pasipo msiba. Linalokusudiwa ni pale pistoni inapofika juu kabisa na kusimama kidogo kabla ya kuanza kushuka. "Kikomo cha juu" chatosha. Hata hivyo, pistoni hufika kikomo hicho mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi: mara moja ikishindilia hewa, na mara ya pili ikimaliza kutoa moshi. Ni muhimu, basi, pale mwongozo unapoitaka silinda ya kwanza iwe mwisho wa kushindilia, tafsiri iseme "kikomo cha juu cha mshindilio", isimwache fundi akichagua.

Kasoro ya tatu imejificha katika maneno ya kawaida. Baada ya mkanda kufungwa, tafsiri yasema: "Zungusha mara mbili, kisha tazama alama." Zungusha nini? Mizunguko miwili ya krenkishafti huzirudisha alama mahali pake. Mizunguko miwili ya kamshafti ni minne ya krenkishafti. Aidha, sentensi haisemi kwamba kazi hiyo hufanywa kwa mkono na spana, wala kwamba fundi akihisi kizuizi asilazimishe, kwani huenda vali imekwisha kugusa pistoni. Onyo lililokuwa katika matini ya asili limeachwa ili sentensi ipendeze. Ufupi wa namna hii haufai.

Wapo watakaosema kwamba tukilikubali neno taimingi tumefungua mlango kwa ukasuku. Hatuafiki. Gari, injini na spana nayo yalikuja kutoka nje, na leo hakuna anayeyaonea haya. Fundi husema "nimeweka taimingi" na "taimingi imeruka", na wenzake humwelewa pasipo shaka. Neno la kukopa lenye maana moja ni bora kuliko neno la asili lenye maana mbili. Lakini kukopa peke yake hakutoshi, maana gerejini jina hilo hilo huitwa vitu mbalimbali. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) taimingi ya vali, kwa uhusiano wa krenkishafti na kamshafti;

(b) taimingi ya pampu, kwa uhusiano wa krenkishafti na pampu ya dizeli;

(c) taimingi ya moto, kwa injini za petroli, yaani pale plagi inapotoa cheche;

(d) kulandanisha alama, kwa kitendo chenyewe cha mikono.

Mikanda nayo ipambanuliwe. Injini ya Mitsubishi 4D56 ina miwili yenye meno: mmoja wa kamshafti na pampu, na mwingine mdogo wa mihimili ya kupunguza mtetemo. Wa pili ukifungwa vibaya, injini hutetemeka; wa kwanza ukifungwa vibaya, injini huharibika. Tafsiri inayoiita yote miwili "mkanda wa wakati" haimwambii fundi ni upi autazame kwa hofu zaidi.

Tunawasihi wafasiri, kabla ya kupeleka kazi kama hii kwa mpiga chapa, wamsomee fundi sentensi zake kisha wamwombe aeleze atafanya nini. Akieleza kazi nyingine, sentensi irudi mezani hata kama sarufi yake haina doa. Nao walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wanaosimamia magari ya umma, walio karibu na gereji kuliko sisi, tunawaomba watuletee maneno wanayoyasikia huko, pamoja na maoni juu ya mapendekezo haya.