Kilomita 5,000 za Nani?

Kadi niliyopewa gereji wiki iliyopita ina mistari miwili tu: kilomita za leo na kilomita za kurudi. Fundi aliijaza kwa bolpeni ya mafuta mafuta, akaining'iniza kwa uzi kwenye swichi ya waipa. Juu 112,400, chini 122,400. "Kaka, hii ni ful sintetiki," alisema huku akilipigapiga dumu la lita 4 kama anayesifia tikiti sokoni. "Elfu kumi unatembea, hata usifungue boneti." Chini ya gari oili ya zamani ilikuwa bado inadondoka kwenye beseni, nyeusi kama kahawa ya kibarazani.

Miaka yote kadi zake ziliongeza elfu tano. Sasa zimeruka mara mbili, na kwenye gari langu hakuna kilichobadilika isipokuwa dumu. Mruko huo wenzetu wa Marekani na Ulaya waliufanya kweli, na injini zao zikadumu. Lakini ukiangalia walivyoufanya, dumu lilikuwa sehemu tu ya kazi, na pengine sehemu iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Oili inayotoka kiwandani ni vitu viwili vilivyochanganywa: mafuta ya msingi, na dawa. Dawa za kusafisha hubeba kalisi au magnesi. Nyingine hushikilia masizi yasigandamane, nyingine zenye zinki na fosforasi hulinda vyuma vinaposuguana, na nyingine huzuia mafuta yasiungane na oksijeni. Mafuta ya msingi ya oili ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi, kwa hiyo mna molekuli za kila umbo, fupi, ndefu, hata nta. Sintetiki halisi ya aina ya PAO haisafishwi, hujengwa: gesi ya ethilini huunganishwa, kisha huunganishwa tena, mpaka zipatikane molekuli zinazofanana. Ndiyo maana haigandi upesi kwenye baridi wala haivukizi upesi kwenye joto. Kuna jaribio linaloitwa Noack, ambapo oili hukaangwa kwa nyuzijoto 250 kwa saa moja na kupimwa imepungua kiasi gani. Kwa oili kama 5W-30 viwango vya Marekani hukubali upungufu usiozidi asilimia 15. Sintetiki nzuri hupungua chini ya hapo.

Huo ndio ubora wake, na ni ubora wa kweli. Tatizo ni kwamba ubora huo uko kwenye mafuta ya msingi, ilhali kinachokwisha kwanza mara nyingi ni dawa. Unaweza kumwaga oili ambayo PAO yake ni nzima kabisa, dawa zake zimebaki jina.

Hilo liligundulika kwa gharama. Mwaka 1972 rubani wa ndege za kivita wa Marekani, Albert Amatuzio, aliyejua jinsi esta, aina nyingine ya mafuta ya sintetiki, zinavyolainisha injini za jeti, aliingiza sokoni oili ya sintetiki ya magari kwa jina la Amsoil. Ahadi yake ilikuwa maili 25,000, yaani kilomita 40,000 kwa oili moja. Mobil 1 ilipofuata miaka michache baadaye, nayo ilitangazwa kwa namba hiyohiyo. Oili zilikuwa nzuri. Injini za wakati ule ndizo zilizokuwa chafu. Kabureta ilipoamka na baridi ilimwaga petroli nyingi kuliko iliyoungua, nyingine ikateleza ukutani mwa silinda hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Petroli yenyewe ilikuwa na risasi, na mabaki ya risasi yakaishia kwenye oili. Molekuli zifanane zisifanane, uchafu ule ulihitaji kutolewa nje. Kilichokuja kuongeza umri wa oili, basi, kilianzia mbali na viwanda vya oili: nozeli zikachukua nafasi ya kabureta, na petroli ikatolewa risasi. Huku kwetu kusini mwa Sahara risasi ilikuja kuondolewa mwanzoni mwa 2006.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Mercedes-Benz, kwa sababu kila mtu ndani yake alikuwa na akili, na bado mambo yaliharibika.

Kuanzia magari ya mwaka 1998 kampuni hiyo ilileta Marekani mfumo ulioitwa FSS. Badala ya namba moja kwa madereva wote, kompyuta ya gari ilitazama jinsi injini inavyotumika, mizunguko, joto, umbali, ndipo ikamwambia dereva amebakiza kiasi gani. Anayekwenda safari ndefu alipewa kilomita nyingi, anayezunguka mjini alipewa chache. Sampu ya injini ya V6 ya wakati huo ilibeba karibu lita 8 za oili, zaidi ya mara mbili ya lita 3.7 zinazoingia kwenye injini ya 1NZ ya Toyota IST au Probox. Lita nyingi maana yake ni dawa nyingi za kugawana kazi ileile, na hapo Wajerumani walikuwa wamepiga hesabu yao sawasawa.

Hesabu hiyo yote ilisimama juu ya sharti moja, kwamba ndani ya sampu mna sintetiki. Wateja walidai kwamba sharti hilo halikuelezwa wazi. Oili ya kawaida ikatiwa kwenye magari ambayo kompyuta zake ziliendelea kuhesabu kana kwamba ni sintetiki. Malalamiko ya injini kuchakaa na kujaa tope yakafika mahakamani Pennsylvania. Mwaka 2003 kesi ya wamiliki wa magari ya 1998 hadi 2001 ilimalizwa kwa suluhu ambayo thamani yake ilitajwa kufikia dola milioni 32.

Soma kisa hicho kinyumenyume uone tulipo sisi. Wale walikuwa na sampu kubwa, kompyuta na barabara za lami, wakakosa oili. Sisi tunanunua oili, halafu tunadhani yale mengine yamekuja nayo ndani ya dumu.

Nimeona kwa macho yangu jinsi inavyokuwa. Gari la rafiki yangu lilianza kuwasha taa ya oili likiwa limesimama kwenye foleni, ukikanyaga mafuta inazimika. Fundi alipofungua tapeti kava, chini yake hapakuwa na chuma kinachong'aa. Palikuwa na tope la rangi ya chokoleti, nene, limeziba hata vitundu vya oili kurudi chini. Alilikwangua kwa kijiko cha chai akaujaza mkebe wa maziwa ya kopo. Rafiki yangu aliapa kwamba hajawahi kutia oili ya kawaida, na namwamini. Alikuwa ametembea kilomita 14,000 na oili ileile, karibu zote kati ya nyumbani na ofisini jijini Dar es Salaam.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo kadi ya fundi haiijui. Tuchukulie gari la mjini ambalo kwa wastani, foleni na taa zikiwemo, linakwenda kilomita 15 kwa saa. Kilomita 5,000 zitalichukua saa 333. Gari la njia ya Dodoma linalokwenda wastani wa kilomita 70 kwa saa litazimaliza kwa saa 71. Odomita zao zinasoma sawa, lakini injini moja imefanya kazi zaidi ya mara nne ya mwenzake. Ukitaka kuwa mkali zaidi hesabu mizunguko. Tuseme la mjini linazunguka mara 1,200 kwa dakika na la safari mara 2,200. La mjini limezunguka karibu mara milioni 24, la safari milioni 9 na ushei. Hesabu ya namna hii haikubuniwa leo. General Motors waliiingiza kwenye magari ya Oldsmobile mwaka 1988, kompyuta ikahesabu mizunguko na joto la oili badala ya kutazama kilomita peke yake.

Mwenye jenereta analijua hili bila kufundishwa. Jenereta haina kilomita, kwa hiyo anasoma saa, na kwa jenereta nyingi za dizeli ikifika 250 anamwaga. Mtu huyohuyo akiingia kwenye gari lake analisahau. Nakiri jenereta hubeba mzigo mzito kuliko gari lililosimama kwenye taa, kwa hiyo namba 250 haihamishwi kama ilivyo. Lakini kilomita 10,000 za mjini ni saa 667, na sioni kwa nini tuzichukue kwa wepesi.

Hata wanaoyatengeneza magari hawakuzichukua kwa wepesi. Toyota Marekani inaruhusu maili 10,000, kilomita 16,000 hivi, kwa injini zinazotumia sintetiki ya 0W-20, mradi mwaka usipite. Ukisoma kitabu cha gari unakuta hali maalumu ambazo namba hiyo hukatwa nusu: barabara za vumbi, kuvuta mzigo, na kuunguruma muda mrefu au kwenda mwendo mdogo kama magari ya polisi, teksi na ya kupeleka mizigo. Wao wanaiita hali maalumu. Kwetu hiyo inaitwa Jumatatu.

Salfa nayo ina sehemu yake. Salfa ya kwenye mafuta ikiungua na kukutana na mvuke wa maji huzaa asidi, na asidi hiyo huteremka kwenye oili. Dawa za kusafisha ndizo zinazoizima, na akiba ya nguvu zao hupimwa kwa namba iitwayo TBN. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Ni hatua kubwa, maana kabla ya hapo dizeli ilikuwa na sehemu 500. Lakini Ulaya kiwango ni sehemu 10, na oili za Ulaya za muda mrefu zimetengenezwa kwa mafuta hayo. Ukishika dumu lenye alama ya Ulaya ya ACEA C3, TBN yake inaweza kuanzia 6 tu, kwa kuwa dawa nyingi zingeziba vichujio vya moshi vya magari yao. Lenye alama ya A3/B4 huanzia 10. Yote mawili yanaweza kuandikwa sintetiki kwa herufi za dhahabu. Kwa gari la zamani la petroli lisilo na kichujio cha moshi, na ambalo kitabu chake kinairuhusu, mimi naichukua ya pili bila kusita.

Na hilo neno sintetiki lenyewe, usilale nalo. Mwaka 1999 Mobil na Castrol walivutana Marekani mbele ya chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo, Mobil wakidai kwamba mafuta ghafi yaliyopikwa upya kwa haidrojeni si sintetiki. Walishindwa. Tangu hapo dumu linaweza kubeba neno hilo bila tone la PAO. Mengi ya hayo ni oili nzuri tu. Ila neno la mbele halikuambii kitu, soma alama ndogo za nyuma. Na ukimaliza dumu, litoboe kabla hujalitupa, lisije likarudi sokoni na oili feki ndani yake.

Je, kwa hali hiyo tubaki na elfu tano za babu? Sidhani. Elfu tano ni namba ya oili ya kawaida na injini za zamani, na kwa mtu wa safari ndefu anayetumia sintetiki nzuri ni kumwaga pesa kwenye beseni. Mwaka 1996 jarida la Consumer Reports la Marekani lilichapisha jaribio la teksi 75 za New York. Zilipofunguliwa, zilizobadilishwa oili kila maili 3,000 na zilizofika 6,000 hazikuonyesha tofauti ya maana. Ni jaribio zuri, ingawa teksi haipoi. Inakimbia kutwa nzima, maji na petroli vinachemka na kutoka kwenye oili. Gari linalokwenda kilomita tatu hadi shuleni na kuzimwa linaweza kuteseka kuliko teksi.

Njia ya uhakika ni ile wanayotumia wenye mashine nzito za migodini: sampuli. Unachota oili kidogo ikiwa ya moto, katikati ya kumwagika, si ya mwanzo wala ya mwisho, unaitia kwenye chupa safi na kuipeleka maabara. Chuma kikipanda, kuna kinachosagika. Silikoni ikipanda, vumbi linapita kichujio cha hewa. Petroli ikionekana, angalia nozeli. TBN ikishuka hadi nusu ya ilivyoanza, oili imefika mwisho wake. Mwenye malori kumi ambaye hafanyi hivyo anabahatisha na mali yake. Kwa gari moja la nyumbani gharama inaweza kuzidi faida, hapo ongeza taratibu: kutoka 5,000 nenda 6,500, fungua kifuniko cha kutilia oili, tazama ndani kwa tochi. Pima kwa kijiti kila wiki mbili, kwa sababu injini iliyochoka hula oili, na lita 3.7 zikibaki 2.5 hata sintetiki ya jeti haitakuokoa. Filta ibadilishwe kila unapomwaga, bila mjadala.

Mimi kwa foleni zangu nimesimama kwenye 7,000 au miezi 6, chochote kitakachotangulia. Kadi ya fundi nimeikata 122,400 nikaandika 119,400. Chini yake nimeongeza mstari wa tatu ambao haukuwepo: saa. Nawe wa mjini, fanya hivyo. Ukikaa barabarani saa 3 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni saa 75. Zidisha kwa miezi tangu umwage mara ya mwisho, halafu ndipo usome odomita.