Jinsi watoto wa San Lorenzo walivyoandika kabla ya kusoma

Daktari Maria Montessori alifungua shule yake ya watoto wadogo Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wazazi, wengi wao wasiojua kusoma, ndio waliomwomba awafundishe watoto wao herufi. Kila mwalimu wa chekechea angefaa kuitazama kazi aliyoifanya, maana alitenganisha mambo ambayo sisi huyalundika pamoja.

Mtoto anayepewa penseli na kuambiwa anakili "a" anabebeshwa kazi tatu kwa mpigo: kushika penseli, kukumbuka umbo na kukumbuka sauti. Montessori alizigawa. Mkono ulizoezwa penseli kwa kuzungushia maumbo ya chuma na kuyajaza mistari. Umbo lilifundishwa kwa herufi za msasa zilizobandikwa kwenye kadi: mtoto anapitisha kidole cha shahada na cha kati juu ya herufi, kwa mwelekeo uleule wa kalamu, huku mwalimu akitamka sauti yake. Sauti, si jina: "mmm", si "em". Halafu zikaja herufi zilizokatwa mojamoja, mtoto akazipanga kuunda maneno ambayo mkono wake ulikuwa bado haujawahi kuyaandika.

Siku moja ya Desemba, juu ya paa la jengo, Montessori alimpa mvulana wa miaka mitano chaki achore dohani. Mtoto akachora, mara akapaza sauti kwamba anajua kuandika! Akaandika palepale chini neno mkono, kisha dohani, kisha paa. Kusoma kulikuja baadaye.

Kiitaliano kilisaidia, kwani huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo, ndiyo maana naumia nikisikia darasa zima likiimba "ba be bi bo bu" ilhali mtoto akiitwa peke yake hawezi kuunganisha b na u. Kadi kama zile tunaweza kujitengenezea: msasa unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Lakini sh, ch, ny na ng' kila moja ipewe kadi yake, la sivyo mtoto ataihangaikia s, kisha h, asilifikie neno shule. Maneno yaanze na mama, meza, kuku. Mbuzi asubiri: m yake imeshikamana na b, ilhali m ya neno mtoto ni silabi kamili. Watoto wapige makofi kwanza, m-to-to matatu, mbu-zi mawili, ndipo wapewe herufi.