Homoni Ilitoa Saa, Haikutoa Hukumu

Novemba 1977, katika hospitali ndogo ya Kershaw's karibu na Oldham, Uingereza, mkojo wa Lesley Brown ulipimwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Ilitafutwa LH, homoni inayopanda ghafla na kulisukuma yai limalize kukomaa. Mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba, hivyo yai lilipaswa kutolewa, kurutubishwa maabara, kisha kiinitete kirudishwe kwenye mfuko wa uzazi.

Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, timu iliyomhudumia, walifika hapo baada ya miaka ya kushindwa. Awali waliwapa wanawake dawa za kuchochea ovari, wakavuna mayai kadhaa kwa mpigo na kuyarutubisha vizuri tu. Mimba ndiyo iliyogoma. Mizunguko ya dawa ilikuwa ikifupika na hedhi kuja mapema, kiinitete hakijapata nafasi ya kujishikiza. Kwa Lesley wakaacha dawa. Walisubiri yai moja lililokomaa lenyewe, na LH ndiyo iliyowapangia saa ya upasuaji, hata ikiangukia usiku wa manane. Ukiliwahi yai, bado bichi. Ukilichelewa, limeshatoka kwenye kifuko chake. Uamuzi huo naustahi kuliko jambo lolote jingine katika kazi yao, maana walikubali yai moja ili mwili ubaki na mpangilio wake. Binti wa Lesley, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978.

Kliniki za leo zimerudi kwenye dawa, kwa sababu mayai mengi huongeza nafasi. Sindano moja huzuia LH isipande kabla ya wakati; nyingine hukamilisha ukomavu, na mayai huvunwa saa kama 36 baadaye. Projesteroni huongezwa ili kuukinga ukuta wa mfuko wa uzazi, pale hasa kazi ya Oldham ilipokuwa ikikwama.

Ila homoni zinazopimwa sasa zimebebeshwa mzigo usio wao. AMH hukadiria wingi wa mayai yaliyobaki. Kuhusu ubora haisemi karibu lolote. Mwanamke wa miaka 29 mwenye AMH ndogo anaweza kutoa mayai matatu mazuri. Wa miaka 42 mwenye AMH nzuri anaweza kutoa kumi na mawili, mengi yakiwa na kromosomu zilizozidi au kupungua. Yai huanza kujigawa mwanamke akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama kwa miongo. Kadiri miaka inavyokwenda, vifungo vinavyoshika kromosomu zake hulegea, na hakuna sindano ya kuvikaza upya. Inaniuma sana mwanamke akiambiwa mayai yake ni mabovu kwa kipimo cha AMH peke yake.

Ubora huanza kuonekana baada ya kuvuna: kesho yake, darubini ikionyesha viini viwili ndani ya yai, cha mama na cha baba, halafu siku ya tano au ya sita, kwa viinitete vilivyofika huko.