Usikivu wa Kiendeshi cha Disketi

Kiendeshi cha disketi, yaani chombo kinachoizungusha disketi ndani ya kompyuta za zamani, hudhaniwa na wengi kwamba hupokea amri ya kusoma, hukitafuta kilichoombwa na kukirudisha kwa mwombaji. Undani wake ni mwingine, nao ndio unaostahili sifa. Katika utepe wa nyaya 34 unaokiunganisha na kompyuta, ambao takriban nusu ni nyaya za ardhi tu, upo waya wa kuwasha mota, upo wa kuchagua upande wa disketi, upo wa kukisogeza kichwa cha kusomea hatua moja na mwingine wa kueleza kisogee wapi, na upo wa kuruhusu kuandika. Waya wa kuamuru kusoma haupo. Kiendeshi kilichochaguliwa, disketi ikizunguka na ruhusa ya kuandika ikiwa haijatolewa, husoma wakati wote.

Amri yenyewe hupokewa na kidhibiti, ambacho ni sakiti iliyo upande wa kompyuta, na miongoni mwa vidhibiti hivyo kilichoenea sana ni 765 cha kampuni ya NEC ya Japani. Hicho ndicho kinachojua kuwa inatakiwa sekta fulani, yaani kipande cha baiti 512, katika mojawapo ya njia 80 za mviringo zilizomo kila upande wa disketi ya inchi 3.5. Kwa kuwa kichwa hakijui kilipo, hurudishwa kwanza ukingoni hadi kitambuzi kitoe ishara kwamba njia ya sifuri imefikiwa, ndipo hatua zihesabiwe. Chipu ya 765 ilibuniwa enzi za disketi za inchi 8 zenye njia 77, kwa hiyo hutoa mapigo 77 na kukoma, na waandishi wa programu za disketi za njia 80 walilazimika wakati mwingine kuirudia mara ya pili amri ya kukirudisha kichwa ukingoni.

Disketi ya inchi 3.5 huzunguka mara 300 kwa dakika huku kichwa kikiugusa uso wake. Kinachonaswa hapo si herufi wala tarakimu, bali mageuko ya sumaku kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine, na katika disketi ya megabaiti 1.44 mageuko hayo huachana kwa maikrosekunde 2, 3 au 4, maikrosekunde ikiwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Maana yote imo katika nafasi hizo. Kwa vile mwendo wa mota hauwi sawasawa kabisa, sakiti nyingine huirekebisha saa yake kwa kuyafuata mageuko yenyewe, kama mcheza ngoma anavyoufuata mkono wa mpigaji. Mwanzoni mwa kila sekta huwekwa alama iliyovunja kanuni za uandishi kwa makusudi, ili data ya kawaida isifanane nayo kamwe, na mwishoni huwekwa baiti mbili za uhakiki. Hesabu yake isipolingana, kidhibiti hutangaza kosa.

Uaminifu huo ulikuwa na uzito wake nchini Tanzania, ambako Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ambako hata baadaye ofisi yenye kompyuta haikuwa lazima iwe na mtandao. Ripoti ya kutoka Kisarawe kwenda Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ikibebwa katika disketi kupitia Pugu na Dar es Salaam hadi Barabara ya Morogoro, ilihitaji chombo ambacho hakitabuni baiti iliyopotea. Unyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya disketi, na kwa kuwa kichwa huigusa, uchafu huo hukwaruza vyote viwili. Kwa hiyo fundi makini hukisafisha kichwa kwa spiriti safi kabla ya kujaribu disketi nyingine.

Kutojua kwa kiendeshi ndiko kunakokifanya kifae hadi leo. Vifaa vya kisasa kama Greaseweazle hukiacha kidhibiti cha zamani pembeni, hupokea mageuko ghafi moja kwa moja kutoka kwenye kiendeshi na kuhifadhi muda ulio kati yake, mzunguko baada ya mzunguko, ili sekta iliyokataliwa katika mzunguko mmoja ilinganishwe na mingine inayofuata.