Noeli Yenye Mlio wa Pesa

Wako waumini wanaoona kwamba kuugeuza wimbo wa Noeli kuwa mzaha ni kufuru. Tunaiheshimu hofu hiyo. Hata hivyo, kabla hatujahukumu, tuisikilize "Green Chri$tma$", santuri ya Mmarekani Stan Freberg iliyotoka mwaka 1958. Alama za dola katika jina lake aliziweka kwa makusudi.

Freberg alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, na matangazo ya biashara aliyajua kwa ndani, kwani yalikuwa pia kazi yake. Alimchukua Scrooge, yule bahili wa hadithi ya Charles Dickens ya mwaka 1843, akamfanya mkuu wa kampuni ya matangazo. Wafanyabiashara wamekaa mbele yake, kila mmoja akitafuta namna ya kubandika bidhaa yake kwenye Noeli. Bob Cratchit, mwenye kampuni ndogo ya viungo, anataka tu kuwatumia wateja kadi ya kuwatakia amani. Wanamshangaa. Nyimbo tulivu za msimu zinaingia zikiwa na maneno mapya ya kusifu mauzo, na mwishoni kengele za "Jingle Bells" zinachanganyika na mlio wa droo ya pesa ya dukani.

Mlio huo unasema kuliko mashairi yote. Lakini sisi tunapenda zaidi pale Cratchit anapokumbusha ni nani aliyezaliwa siku hiyo: hapo Freberg hatanii hata kidogo. Anajua mpaka wa mzaha wake. Kampuni ya Capitol ilisita kuitoa santuri hiyo, na baadhi ya vituo vya redio (vilivyoishi kwa matangazo!) vilikataa kuipiga. Wenye meza Hekaluni nao hawakufurahi zilipopinduliwa.

Kasoro yake ni kwamba kicheko chote kinamwangukia muuzaji. Mnunuzi anatoka msafi mno, na wanunuzi ndio sisi. Desemba tuni ya "Usiku Mtakatifu" husikika madukani kati ya tangazo moja la punguzo na jingine, nasi tunaendelea kujaza vikapu.

Basi vijana wakileta igizo la namna hii kwa ajili ya mkesha wa Noeli, tunawaomba wazee wa kanisa walisikilize hadi mwisho kabla ya kulikataa. Na vijana, mwongezeni mnunuzi mmoja, amevaa nguo za ibada.