Kisu cha Bibi na Kitabu cha Larrin Thomas

Nianze na aibu yangu. Bibi yangu wa Kagera alipofariki, wengine waligawana vitenge na masufuria, mimi nikaomba kisu chake cha kumenyea ndizi. Mhunzi wa kijijini alikifua kutoka springi ya gari, akakitia mpini wa mti. Hicho ndicho kilichoniingiza kwenye ugonjwa wa kukusanya visu. Siku moja nikakipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kunolea. Cheche ziliruka, nikafurahi. Nilipokabidhiwa, ukingo wake ulikuwa na rangi ya buluu, nikadhani ni urembo. Tangu hapo hakikai na makali. Nakinoa asubuhi, jioni kimeshakuwa butu.

Kitabu kilichonieleza nilichokifanya ni Knife Engineering cha Larrin Thomas, kilichotoka mwaka 2020. Thomas ni mtaalamu wa metali wa Marekani, mtoto wa Devin Thomas, mfua visu anayejulikana kwa vyuma vyake vya Damascus. Najua mtashangaa kitabu cha vyuma kinatafuta nini kwenye blogu ya fasihi. Nivumilieni kidogo.

Maelezo yake ya moto ndiyo yaliyoniumiza. Chuma cha pua kikipashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla, kinakuwa kigumu sana lakini kinavunjika kama kioo. Kwa hiyo kinapashwa tena kwa moto mdogo, kwa vyuma vya kawaida karibu nyuzi 200 za Selsiasi, ili kitulie. Kikizidishiwa moto baadaye, ugumu unapotea. Ile buluu niliyoiona hutokea karibu nyuzi 300. Yaani dakika chache za mashine zilifuta kazi ya mhunzi, na mimi nikalipia huduma hiyo.

Lakini uzuri wa kitabu uko zaidi katika namna kinavyoyachambua maneno. Ukiingia kwenye ukusanyaji wa visu, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni majina: VG-10 ya Japani, M390 ya Austria, S30V ya Marekani iliyotoka mwaka 2001. Watu huyataja kama mashabiki wanavyotaja wachezaji. Kila chuma ni “kikali”, kila chuma ni “bora”. Thomas hakubali. Anatenganisha ugumu, ushupavu wa kutovunjika, kudumu kwa makali na kustahimili kutu, kisha anaonyesha kwamba ukiongeza kimoja mara nyingi unapunguza kingine. Chembe ngumu za kabaidi, hasa za vanadiamu, hufanya makali yadumu. Zikiwa nyingi na kubwa, kisu kinameguka kwa urahisi. Kromiamu huzuia kutu, lakini ikishikana na kaboni na kuwa kabaidi, sehemu hiyo haizuii tena kutu.

Baada ya kusoma hayo niliona haya kwa tahakiki zangu za zamani. Mara ngapi nimeandika kwamba riwaya fulani ni “kali” nikaishia hapo? Kali kwa nini? Inakata nini, na itakata hadi lini?

Sura zinazohusu umbo la ukingo ndizo ningempa anayeanza leo. Kwa vipimo vyake mwenyewe, Thomas anaonyesha kwamba pembe ya ukingo ina nguvu kubwa sana katika kudumu kwa makali. Kisu cha chuma cha kawaida chenye ukingo mwembamba kinaweza kukishinda cha chuma ghali chenye ukingo mnene. Basi kabla hujatoa laki kadhaa kwa ajili ya jina, nunua kinoo kizuri na ujifunze kunoa.

Kasoro zipo. Grafu zimejazana, na baadhi ya sura zinasomeka kama ripoti ya maabara. Mtu anayeanza atahitaji kuruka kurasa na kurudi. Halafu wahunzi kama yule wa kijiji cha bibi siwaoni humu. Ilinibidi nisome kwingine kuhusu Peter Schmidt na Donald Avery, waliochapisha katika jarida la Science mwaka 1978 habari za uyeyushaji chuma wa Wahaya. Tanuru walizochunguza walizikadiria kuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000, na wazee wa Kihaya wakawajengea tanuru kuwaonyesha kazi yenyewe. Kiswahili nacho kina pua na feleji tangu zamani. Elimu hii haikutua kwetu juzi na intaneti.

Hata hivyo ni kitabu cha mtu anayesema anachokijua na kuonyesha alikijuaje. Mwaka uliofuata alitoa chuma alichokibuni mwenyewe, MagnaCut, na ukisoma kitabu unaona wazo lake lilikotoka.

Kisu cha bibi? Chuma kilichoungua hakirudi kwa kunolewa, kwenye kinoo kinaondolewa tu. Kwa wiki tatu nilikisugua kwenye kinoo chenye maji, kwa mkono, taratibu, mpaka nikaipita buluu yote na kufikia chuma kizima. Kimepungua upana, anayekijua atagundua. Jumamosi iliyopita nilimenyea mkungu mzima wa ndizi, na jioni kilikuwa bado kinakata.